Tone Lililoelea

Majengo, Meru
10 Novemba 1997

Kwa gichiaro wangu Nthiga,

Nakusalimu wewe, Mama Sheila na mbuzi wote, isipokuwa yule beberu aliyenipiga pembe mwaka juzi. Huyo asalimiwe na mwingine.

Mimi nipo. Mvua hii imenichimbia bwawa langu mwenyewe nyuma ya maabara, na ungekuwa bado mlinzi ningekuita uje ulilinde. Mwenye nyumba anasema maji ni baraka. Kwangu baraka zimefika magotini. Jirani yangu mchinjaji ameanza kuvuka kwa kukanyaga vichwa vya ng'ombe.

Mke wangu bado anacheka akituona tunaandikiana Kiswahili kama makarani. Nimemwambia ni kambi ya bwawa iliyotuzoeza: Kimeru changu na Kimbeere chako vilikuwa vya kugombana, Kiswahili cha kupatana.

Kuhusu ile damu niliyokutoa ulipokuja: Mama Sheila alipita Ijumaa akachukua karatasi zote. Maelezo anayo yeye. Wewe kula vizuri, usishinde kwenye umande na mbuzi, na ukipata homa, hata ya kuchezea, usingoje ipite. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo usinihangaishe, unajua mimi si daktari. Mimi ni mtu wa kupaka damu kwenye kioo na kuhesabu.

Wako,
Mutugi


Majengo, Meru
12 Novemba 1997

Binti yangu Sheila,

Juzi nilimwandikia baba yako barua isiyo ya kweli. Leo nakuandikia wewe ya kweli, mkono wangu usije ukazoea vibaya.

Baba yako alikuja na vifundo shingoni, vigumu kama maharagwe mabichi, na uchovu ambao alisema ni wa uzee. Nikamtoa damu. Nilipoweka kioo chini ya hadubini nikaona chembe nyeupe zimejazana kama watu kwa chifu siku ya mahindi ya msaada, na nyingi zimepasuka zikabaki madoa tu. Unajua nilifanya nini? Nilijilaumu. Nikasema, Mutugi, umezeeka, hata kupaka damu sasa huwezi. Nikapaka kioo cha pili, cha tatu. Cha nne nikampa Linda, ninayefanya naye kazi, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Madoa yaleyale. Chembe za ugonjwa huu ni dhaifu, zinapasuka kwa kuguswa tu. Kumbe mkono haukuwa na kosa, na sijawahi kusikitika hivyo kwa kukosa kosa.

Daktari wa damu kule Nairobi amethibitisha. Ni saratani ya damu, ile inayoshika watu wazima na kutembea polepole. Dawa bado. Ila apimwe kila baada ya miezi mitatu, na siku damu itakapopungua aanze vidonge.

Sasa sikia shida. Mama yako alinishika mikono yote miwili akaniapisha nisimwambie. Unamkumbuka baba yako mkubwa, Runji? Aliambiwa ana uvimbe tumboni, akagawa mbuzi wake asubuhi, jioni akageukia ukuta, na siku ya kumi na mbili akazikwa. Mama yako anaogopa ukuta ule. Nami nikakubali, kwa sababu ni mwoga na kwa sababu alikuwa analia.

Lakini wewe umekaa ng'ambo miaka, labda umesahau: ukoo wenu na wetu ni gichiaro. Mababu walichanganya damu. Mtu wa gichiaro akiingia shambani mwako na kukata ndizi, unamshikia panga. Akiomba, humnyimi. Akikuuliza, humdanganyi, maana uongo huo unarudi nyumbani kwako na kula watoto wako. Mimi mtu wa hadubini sitakiwi kuamini hayo. Mchana siamini.

Bahati yangu ni moja: hajauliza. Siku akiuliza nimekwisha.

Baba yako mwingine,
Mutugi


Glasgow, Uskoti
14 Desemba 1997

Baba Mutugi,

Barua yako niliisomea maabarani, nikavua glavu nikaisoma tena.

Mama hakuniambia kitu. Kila tukiongea kwenye simu ya ofisi ya bwawa anasema baba yuko malishoni. Sasa naelewa kwa nini baba yuko malishoni hata saa za kanisa.

Huo ugonjwa ndio kazi yangu. Nilipouchagua baba alikuwa mzima, akanicheka kwamba nimekwenda mbali kote huko kutazama damu wakati Mutugi anaitazama Majengo. Acha nikueleze tunachofanya, maana wewe ndiye mtu pekee nyumbani atakayeelewa.

Wagonjwa wengi wa saratani hii, kama nusu hivi, wamepoteza kipande cha kromosomu ya kumi na tatu. Tulidhani ndani ya kipande hicho kulikuwa na jeni ya kutengeneza protini inayozuia saratani. Tumeitafuta, na wenzetu wameitafuta kabla yetu. Tunachokuta ni RNA, zile nakala za maagizo ambazo seli hupeleka kiwandani ili protini itengenezwe. Lakini nakala hizi hazitengenezi protini yoyote. Wengi hapa wanasema ni takataka.

Ila miaka minne iliyopita watu wanaochunguza mnyoo mmoja mdogo wa udongoni waliandika kwamba wamekuta RNA fupi mno, ya herufi kama ishirini na mbili. Haitengenezi chochote. Kazi yake ni kushika nakala ya jeni nyingine na kuinyamazisha kwa wakati wake. Ikikosekana, seli za mnyoo zinarudia utoto, hazijui kukua na kutulia. Nilipoisoma nilifikiria chembe za wagonjwa wetu, ambazo nazo hazijui kufa wakati wake ukifika. Je, ikiwa kilichopotea kwenye kromosomu ile ni kitu kidogo namna hiyo? Nilimwambia msimamizi wangu. Akasema mnyoo ni mnyoo na mtu ni mtu, nirudi kwenye kazi.

Naomba damu ya baba. Chupa mbili ndogo. Nataka kuona kama naye kipande hicho hana. Sitakuficha: nusu ni sayansi, na nusu ni kwamba sijamwona tangu mwaka wa tisini na nne, nataka kumwona hata kama ni chembe zake. Mwambie ni kipimo cha malaria. Mama atakusaidia.

Wako mtiifu,
Sheila


Kiambere
18 Januari 1998

Kwa daktari Mutugi,

Najua utakataa hilo jina. Kataa, mimi nimeshaandika.

Huku mvua imepita kiasi. Bwawa limejaa mpaka maji yanapita juu kwa kelele, watu wanatoka hata Embu kuja kutazama, kana kwamba hawajawahi kuona maji. Mbuzi sita wamekufa kwa kwato kuoza. Beberu wako ni mzima, anakuulizia.

Hapa nyumbani nalishwa. Kila Jumapili baada ya kanisa kuku anachinjwa, na mgeni hayupo. Jumapili ya kwanza nilisema asante. Ya tatu nikahesabu kuku waliobaki. Sasa jogoo akiniona ananikimbia, anafikiri ni mimi ninayetoa amri.

Vifundo vya shingo vimeongezeka kidogo. Haviumi. Nikivaa kola ya Jumapili vinanikaba, basi naiacha wazi, na Mchungaji Hezekiah anafikiri nimeanza ujana. Kupanda kile kilima cha nyuma napumzika mara mbili. Zamani nilikuwa sipumziki hata nikiwa na mbuzi mgongoni.

Basi ni hayo tu. Sina swali.

Ni mimi,
Nthiga


Majengo, Meru
9 Februari 1998

Binti yangu Sheila,

Baba yako ameniandikia, na mwisho wa barua ameweka maneno mawili: sina swali. Nimeyasoma mara nyingi kuliko ulivyosoma habari za mnyoo wako. Mtu asiye na swali huwa haandiki kwamba hana.

Miezi mitatu imefika na kupita, na hajapimwa. Tutamwitaje? Tukisema njoo upimwe, atasema kwa ajili gani. Mama yako alijaribu kumwambia kuna sindano ya bure ya pepopunda huku Meru. Akajibu kwamba Embu ni karibu, na pepopunda haijawahi kumsumbua.

Hiyo RNA yako fupi naielewa kuliko unavyodhani. Kitu kidogo kinachonyamazisha kingine? Mimi hapa nina mke wa mtu, kilo hamsini na mbili, aliyeninyamazisha tangu Novemba. Ila yako inanyamazisha ili mwili ukae sawa. Yetu sijui inafanya kazi gani.

Damu nitakutolea. Pasaka atakuja kwangu, nami nitasema ni malaria. Nimekubali, usinishukuru.

Mutugi


Majengo, Meru
16 Machi 1998

Nthiga,

Naandika haraka nikiwa kitandani. Mpimaji wa malaria ameshikwa na malaria, cheka baadaye. Kawira wangu amejifungua jana hospitalini Embu, mtoto wa kike, lakini damu haikatiki. Mumewe Stephen yuko naye, na ni kijana wa juzi, hajui hospitali. Mimi siwezi hata kusimama, na mama yake ndiye anayenishika. Nampa Mithika, dereva wa lori la ndizi la Mitunguu, barua hii akuletee mpaka mlangoni.

Nenda ukasimame pale kwa niaba yangu. Chochote watakachotaka, wewe ni mimi.

Mutugi


Kiambere
23 Machi 1998

Mutugi,

Kawira anaendelea vizuri, hilo umeshasikia. Walimu wanne wa shule anayofundisha walitoa damu, na mmoja wao ni mwanamke mwembamba kama fimbo. Mtoto ana sauti ya karani wa mnada. Sasa nikueleze yangu.

Nilifika hospitalini siku ileile ya barua. Nikamkuta Stephen ukutani, ameshika kitambaa cha Kawira. Dada wa maabara akatoka akauliza, nani wa kutoa damu kwa huyu mama? Nikasema mimi. Akaniuliza, wewe ni baba yake? Nikasema mimi ni yeye. Akafikiri nimelewa, nikamweleza habari ya gichiaro, naye ni wa Runyenjes, akaelewa akacheka. Akasema mzee umri wako umepita kidogo, lakini tupime, hali ni mbaya.

Akanichoma kidole. Ana chupa ya maji ya buluu. Akasema, Mzee, tone likizama haraka, damu ina nguvu. Lile la mwalimu aliyenitangulia lilizama kama jiwe. Langu likaingia kidogo, likasimama, likarudi juu. Likaelea. Akachoma kidole kingine. Likaelea. Tukalitazama sisi wawili, na watu wa foleni wakalitazama.

Halafu akanishika hapa shingoni, pole pole, akaacha kucheka. Akaniuliza, Mzee, umewahi kupimwa damu kamili? Nikasema nimepimwa Meru na ndugu yangu. Akauliza, alikuambia nini? Mutugi, foleni nzima ilikuwa inasikia. Nilisema aliniambia nile vizuri.

Nilikaa kwenye benchi hadi Kawira alipotoka hatarini. Nilikuja kutoa damu kwa mtoto wa gichiaro wangu na nikashindwa. Wewe unajua hilo linaitwaje kwetu.

Sasa nakuuliza. Damu yangu ina nini?

Nthiga


Kiambere
25 Machi 1998

Baba Kawira,

Naandika akiwa malishoni. Ametoka hospitali na swali, na najua ameshalituma. Nakuomba kwa jina la Mungu. Mwambie ni upungufu wa damu, mwambie ni minyoo, wazee hupata minyoo. Jana nilimkuta anatazama mbuzi mmoja mmoja, kama anayewagawa kichwani. Runji alianza hivyohivyo.

Ukimwambia, utakayemzika si wako peke yako.

Beth, Mama Sheila


Majengo, Meru
1 Aprili 1998

Kwa gichiaro wangu Nthiga,

Sijui nikushukuru vipi kwa ulivyosimama na Kawira. Anasema ulimwambia hadithi ya fisi aliyefunga harusi hata akacheka akiwa na mpira wa damu mkononi. Malaria yangu imeisha, imebaki miguu ya ndama. Mithika alipita akanipa mkungu wa ndizi za Mitunguu, zile fupi nene, nimekuwekea nusu. Mvua imepungua. Mchinjaji amerudi kutembea chini kama watu wengine.

Kuhusu maji ya buluu, kipimo kile ni cha haraka na hakisemi mengi. Mtu akikosa chakula kizuri, tone linaweza kuelea. Ini la mbuzi husaidia.

Pasaka uje tuzungumze.

Mutugi


Kiambere
8 Aprili 1998

Mutugi,

Nilikuuliza damu. Umenijibu ndizi.

Pasaka siji. Nakuuliza mara ya pili, na sikuulizi kama mgonjwa. Nakuuliza kama gichiaro.

Nthiga


Majengo, Meru
14 Aprili 1998

Nthiga,

Una saratani ya damu.

Nimeandika mstari huo kwanza kwa sababu nikiutanguliza na salamu sitaufikia.

Niliiona tarehe ishirini na tisa Oktoba, saa nne asubuhi, katika kioo nilichopaka mwenyewe. Daktari wa Nairobi akaithibitisha. Chembe nyeupe za damu yako zimekataa kufa wakati wake ukifika, zinajazana, zinakaa shingoni na kwapani, na sasa zimeanza kuzisonga zile nyekundu. Ndiyo maana unapumzika kilimani. Ndiyo maana tone lilielea.

Huu si ugonjwa wa Runji. Huu hutembea polepole. Kuna watu wanaokaa nao miaka kumi, wengine zaidi, wakafa kwa kitu kingine kabisa. Kuna wengine hawapati miaka hiyo. Wewe uko wapi kati yao sijui, na sitakudanganya tena kwa kubahatisha. Ninalojua ni kwamba ulitakiwa kupimwa kila miezi mitatu, ili nyekundu zikianza kushuka uanze vidonge mara moja. Ulitakiwa kupimwa Februari. Mimi nilijua, nikakaa kimya, kwa sababu sikuwa na namna ya kukuita bila kukuambia. Miezi hiyo ni yangu. Usimhesabie Mama Sheila. Yeye aliogopa akiwa mke. Mimi niliogopa nikiwa mtu wa kazi hii miaka ishirini na moja.

Na kuna lingine. Nilipokuandikia wewe ni mimi, chochote watakachotaka, nilikuwa na homa, lakini homa haikuandika barua ile. Niliiandika mimi. Nilijua damu yako ni gonjwa, na nikakutuma kwenye kitanda cha mwanangu, mahali ambapo watu huombwa damu, na haikunipitia akilini. Nilikuwa nimeificha mpaka nikajificha mwenyewe. Kama tone lingezama kidogo tu, damu hiyo ingekuwa ndani ya Kawira, nawe ungebarikiwa na kila mtu, na mimi ningekuwa wa kwanza kukushukuru.

Sheila anajua. Ndiye aliyeniomba damu yako aitazame huko aliko, na nilikuwa nimekubali kukutoa Pasaka kwa kukuambia ni malaria. Hilo nalo sasa unalijua.

Daktari wa Nairobi atakuona tarehe ishirini na nane. Nitakupeleka mwenyewe, ukikubali kukaa karibu na mimi.

Nimekujibu.

Mutugi


Kiambere
3 Mei 1998

Mutugi,

Vidonge nimeanza. Vina ladha ya msumari. Asante kwa kunisindikiza Nairobi, na asante kwa kutozungumza njia nzima. Sijawahi kukuona hivyo, nilifikiri umeugua.

Sasa nami nina la kusema, ambalo sikuweza kulisema tukikaa bega kwa bega.

Nilijua. Si jina lake, lakini nilijua. Mwanamke wa Kimbeere hachinjii mumewe kuku kila Jumapili bila sababu. Na wewe, Mutugi, tangu nikujue hujawahi kuniambia nenda zahanati. Wewe hujiita mtu wa kuhesabu, halafu barua yako haikuwa na hesabu hata moja. Nilikaa na barua hiyo malishoni nikasema, kuna kitu, na kitu hicho ni kikubwa, na nikimwuliza atanijibu. Kwa hivyo sikuuliza.

Unaelewa? Uliogopa swali langu, nami niliogopa jibu lako. Nilitaka mvua moja zaidi bila kujua. Nilitaka nitazame mbuzi nikifikiria mbuzi. Mlinificha, nami nikawasaidia kuficha. Beth akifikiri ananikinga, nami nikila kuku wake.

Ningeendelea hivyo. Lakini kwenye ile benchi niliona jambo. Kutojua kwangu kulikuwa kwangu mradi kunakaa nyumbani kwangu. Siku ile nilibeba kutojua huko mpaka kwa mtoto wako. Nilinyoosha mkono mbele ya dada wa maabara nikiwa na vifundo hivi, na moyoni kuna sauti inasema, Nthiga, wewe unajua hii damu si nzuri. Nikaizima. Nikasema, gichiaro hakatai. Nilitumia gichiaro kujificha nyuma yake, kama wewe ulivyomtumia Beth. Kwa hivyo usijipige peke yako, utamaliza fimbo zote na mimi nakosa yangu.

Beth nimemwambia kwamba najua. Alikaa chini palepale jikoni. Nikamwambia, tazama, nimegeukia mlango, sijageukia ukuta. Hakucheka. Bado ananitazama ninavyolala.

Faini ya kumdanganya gichiaro unaijua. Kondoo dume wa rangi moja, umlete mwenyewe, na maneno uliyoandika uyaseme kwa mdomo Beth akiwepo. Barua haina macho.

Na ulete sindano zako.

Nthiga


Kiambere
24 Mei 1998

Kwa binti yangu Sheila,

Baba yako si mwandishi, utanivumilia.

Mutugi alikuja jana na kondoo. Alisema maneno yote mbele ya mama yako, mengine mara mbili. Tukala. Leo asubuhi amenitoa damu, chupa mbili ulizotaka. Mara ya kwanza alikosa mshipa. Miaka ishirini na moja ya kazi na akaukosa mshipa wa mlinzi mzee, unaoonekana kama kamba ya mbuzi. Usimwambie nimekuambia, macho yake yalikuwa na maji.

Amenieleza unachotafuta. Kipande kilichopotea, na kitu kidogo ndani yake ambacho hakitengenezi chochote, wakubwa wako wanakiita takataka. Nilimwuliza, sasa kinatafutwa kwa nini? Akasema kazi yake ni kukataza. Nikasema basi nakifahamu. Nililinda bwawa lile miaka saba, sikuzalisha hata stima ya taa moja. Nilisimama tu, nikisema hapana kwa yule anayetaka kupita. Nilipostaafu walifikiri hakuna kitakachobadilika, na mwezi ule ule nyaya zikaibwa.

Karatasi ya ruhusa nimeitia sahihi, hata ile sehemu ya maandishi madogo Mutugi amenisomea. Damu hii hujaichukua, Sheila. Nimekupa. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote huko kwamba ni ya mgonjwa wa Afrika bila jina. Ina jina. Kama ni lazima waandike namba, andika namba, lakini wewe ujue jina.

Nilikukasirikia kwa ile ya malaria. Siku mbili. Ya tatu nikakumbuka kwamba tangu uondoke sijawahi kukuandikia mwenyewe, kila mara nilikuwa malishoni. Ungekuwa karibu ningekutemea mate kifuani kama anavyobarikiwa mtoto anayekwenda mbali. Karatasi haibebi mate, ila ujue nimetema, hapa upande wa kaskazini, mama yako anasema nimekosea upande.

Mkikipata hicho kidogo, niambie mimi kwanza, kabla ya wakubwa wako. Kama ni kibaya, andika mstari wa kwanza, salamu zifuate. Na kama sitakuwepo, mwulize Mutugi akueleze nilivyokuwa hadi mwisho. Mwulize kila kitu. Amejifunza kujibu.

Baba yako,
Nthiga